Flashi ya GB 64 inaonyesha MB 4 tu: jibu langu kwa Maalim wa Wete

Waalaykum salaam, Maalim.

Nimeona waliotangulia kukujibu wanakwambia "itupe, nunua nyengine". Usiitupe. Kwa watakaofika hapa bila kusoma swali, kisa ni hichi: Maalim ana flashi ya GB 64. Kijana mmoja alimuwekea humo Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta wa aina ya Linux, ili kufufua laptopu ya skuli, na laptopu ikafufuka. Sasa kila akiichomeka flashi kwenye Windows inasema ina MB 4. Kaifomati, imekubali, bado MB 4. Kaifomati tena, ni ileile. Naye ana haja mbili: aweke qaswida na juzuu za Qurani azisikilize kwenye gari na kwenye sabufa ya nyumbani, na humohumo aweke video ya harusi ya binti yake, faili moja la GB 6 na ushei, ampelekee dada yake Unguja. Redio ya gari nayo inamwambia haioni kitu.

Mie nna kibanda hapa Chake Chake, Pemba. Natoa kopi, nachapa barua, naingiza nyimbo, naediti video za harusi. Mwaka wa kumi na moja huu. Flashi "zilizokufa" naletewa karibu kila siku, na nyingi huondoka zikiwa hai. Yako ni miongoni mwa hizo, inshallah.

Maalim, kufomati umefomati vizuri tu. Ila umefomati pahala sipo.

Chukulia flashi ni shamba la urithi. Kabla mtu hajatia jembe, ipo karatasi inayosema: kutoka mnazi huu hadi mwembe ule ni fungu la fulani, kutoka mwembe hadi mtoni ni fungu la mwengine. Karatasi hiyo kwenye flashi ni jedwali la patisheni. Kwa mtindo wa zamani unaoitwa MBR, linakaa kwenye sekta ya mwanzo kabisa, sekta yenye baiti 512, na jedwali lenyewe humo ni baiti 64 tu: mistari minne, kila mstari baiti 16. Kila mstari unasema fungu linaanzia wapi, lina ukubwa gani, na ni la aina gani. Ndiyo maana kwa MBR mafungu makuu hayazidi manne. Karatasi haina mstari wa tano.

Kufomati ni kazi nyengine kabisa. Ni kupiga matuta ndani ya fungu ambalo mpaka wake umeshawekwa. Ukibofya flashi ukaiambia Windows ifomati, karatasi ya mipaka haiguswi. Inapiga matuta ndani ya mpaka inaoukuta. Ikikuta mpaka wa MB 4, utapata matuta ya MB 4 hata ufomati mpaka alfajiri.

Na huo mpaka wa MB 4 umetoka wapi? Yule kijana hakukopi mafaili ya Ubuntu. Aliimwaga picha nzima ya diski, yaani nakala kamili ya diski iliyotiwa kwenye faili moja, baiti kwa baiti, kuanzia sekta ya kwanza, na picha ile inakuja na karatasi yake ya mipaka. Ndani yake lipo fungu kubwa lenye mfumo wa CD, ambalo Windows haikuonyeshi, na kijifungu kidogo cha kuwashia kompyuta, ambacho Windows inakijua. Basi inakuonyesha hicho kidogo. GB zako nyengine zote zipo palepale, hazina jina kwenye karatasi. Redio ya gari nayo ikakwama hapohapo, maana picha za Ubuntu za siku hizi hutumia karatasi ya mtindo mpya, GPT, na redio nyingi za gari haziijui.

Dawa ni kuichana karatasi na kuandika nyengine. Kabla ya hapo, nikwambie kilichonipata mie.

Ilikuwa usiku, siku ya pili baada ya Idi. Kuna mteja alitaka flashi yake ya GB 32 isafishwe na ijazwe video, asubuhi anateremka Mkoani kupanda boti. Kompyuta yangu ina diski yake ya ndani, na siku ile nilikuwa nimechomeka diski ya nje ya TB 1 yenye harusi tisa nilizokuwa sijakabidhi. Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika diskpart, programu ya Windows ya kukata mafungu ya diski, nikaandika list disk. Nikaona mistari mitatu: Disk 0 GB 465, Disk 1 GB 931, Disk 2 GB 29. Kwa siku zote flashi kwangu ni Disk 1. Macho yameona 29 pale chini, lakini vidole vimeandika 1. Nikamalizia na clean.

Hiyo clean, Maalim, haiulizi "una hakika?". Inafanya, kisha inakwambia imefanikiwa. Nilichokiona ni kitaa cha diski ya nje kikimetameta badala ya kitaa cha flashi. Nilikaa kitako sakafuni. Harusi tisa, na moja ya Machomane bwana harusi keshasafiri, hata ukisema irudiwe hairudiwi.

Kilichoniokoa ni kwamba clean ya kawaida inafuta karatasi tu, shamba hailigusi. Mikarafuu imesimama vilevile, ila hakuna anayejua mpaka uko wapi. Nilijizuia kufanya lolote jengine. Windows ilinijia na kidirisha chake cha kutaka nifomati diski, nikakifunga. Ukikubali pale ndipo unapoanza kung'oa miti. Nikateremsha TestDisk, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Sura yake ni ya kizamani, maandishi matupu, hakuna pa kubofya. Inapita kwenye diski inatafuta alama za mianzo ya mafungu, inakuonyesha ilichokikuta, na ukibonyeza P inakuorodheshea mafaili yaliyomo ili uhakikishe. Nilipoyaona majina ya maharusi yamepangana nikaandika Write, nikazima na kuwasha kompyuta, diski ikarudi kama haikupata kitu. Yule mteja wa boti nilimpa flashi yake saa kumi na moja alfajiri na wala sikumhadithia.

Tangu siku hiyo nachomoa kila kitu kabla ya kufungua diskpart. Kila kitu. Inabaki diski ya ndani na flashi moja tu. Na nikishachagua, naandika detail disk kabla ya clean, maana inakutajia jina la kifaa na mafungu yaliyomo. Ukiona jina la diski ya laptopu yako, rudi nyuma.

Sasa namba zenyewe zisikubabaishe. Flashi yako ya GB 64 itaonekana kama GB 59 au pungufu kidogo. Hakuna aliyeiba. Watengenezaji wanahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inagawa kwa 1,024 mara tatu, kwa hiyo bilioni 64 zinasomeka 59.6. Ya 32 inakuwa 29 na kitu, ya 16 inakuwa 14 na kitu, na diski yangu ya TB 1 ndiyo ile 931. Ukizijua hizi unaitambua flashi yako kwenye orodha hata ikiwa zimechomekwa tatu.

Tuje kwenye kazi. Kwako wewe sitafanya fungu moja, nitafanya mawili, na sababu ni ile video ya harusi.

Redio za gari na sabufa zinapenda FAT32, na nyingi hazijui kitu chengine. Huu ni mfumo wa kupanga mafaili ndani ya fungu, ulikuja na matoleo ya Windows 95 mwaka 1996, mpaka leo karibu kila kifaa chenye tundu la USB kinausoma. Lakini kwenye FAT32 ukubwa wa faili umeandikwa kwa namba yenye biti 32, kwa hiyo faili moja haliwezi kufika GB 4. Linaishia baiti 4,294,967,295, ukiongeza moja tu linakataliwa. Hata flashi ikiwa tupu kabisa. Nimeshagombana na wateja kwa hili: "Kijana, flashi ina GB 29 wazi, video ni GB 6, vipi unaniambia haiingii?" Anaona kama namzungusha anunue flashi kwangu. Kamera nazo zina shida hiyohiyo. Kadi ya FAT32 ikiwa kwenye kamera inayorikodi kwa kasi ya megabiti 25 kwa sekunde, kila dakika 23 hivi faili linafika mwisho na kamera inaanza jengine. Ndiyo maana video ya harusi ikitoka kamerani unakuta vipande vipande, na kazi ya kuviunga ni yangu.

exFAT, mfumo mwengine wa mafaili, haina mpaka huo. Microsoft waliitoa mwaka 2006 kwa ajili ya flashi na kadi. Ila kwa miaka mingi aliyetaka kuitia kwenye kifaa chake alitakiwa kulipia leseni, na mpaka 2019 ndipo Microsoft walipochapisha maelezo yake hadharani, na mwaka huohuo ikaingia kwenye kiini cha Linux, toleo la 5.4. Mtengenezaji wa sabufa ya bei rahisi hakuona haja ya kulipia. Kwa hiyo video utaiweka kwenye exFAT, laptopu ya dada yako itaisoma, lakini usitegemee redio ya gari iione. NTFS, mfumo wa diski za ndani za Windows, sikushauri kwenye flashi. Simu nyingi za Android haziisomi, na haikuongezei kitu kwa kazi yako.

Basi fungu la kwanza liwe FAT32, la pili exFAT. Mpangilio huu usiugeuze. Redio nyingi zinasoma fungu la kwanza tu na hazitizami mbele. Na hata Windows zenyewe zamani zilikuwa hivyo: kwa flashi, Windows 7 inakuonyesha fungu la kwanza peke yake, mengine haiyaoni. Ni Windows 10 ya mwaka 2017, toleo la 1703, ndiyo iliyoanza kuonyesha mafungu yote ya flashi. Ikiwa kompyuta ya dada yako bado ni Windows 7, usipoteze muda na mafungu mawili, tumia flashi mbili.

Chomoa vyengine vyote. Kopi chochote unachokitaka kilichobaki ndani ya flashi. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, kisha:

diskpart
list disk

Tizama ukubwa. Yako ni ile ya 59 au 58 au 57. Tuseme imetoka Disk 1:

select disk 1
detail disk

Soma jina. Ni flashi? Sawa.

clean
create partition primary size=16000
format fs=fat32 quick label=QASWIDA
assign
create partition primary
format fs=exfat quick label=HARUSI
assign
exit

Ile 16000 ni MB, yaani karibu GB 16. Kwa sauti ya MP3 ya kilobiti 128, dakika moja inakula kama MB 1, kwa hiyo hapo una zaidi ya saa 260 za kusikiliza. Utachoka wewe kabla ya flashi. Jina la fungu la FAT32 lisizidi herufi 11. Baada ya clean, Windows ikiandika fungu la kwanza inaweka karatasi ya MBR yenyewe, na hiyo ndiyo redio inayoitaka.

Kama uliwahi kujaribu kuifomati flashi yote ya 64 iwe FAT32 ukaona chaguo hilo halimo, jua kwamba si FAT32 inayokataa. FAT32 inaweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Ni kidirisha cha Windows ndicho kilichowekewa ukomo wa GB 32 wakati wa kufomati, na mhandisi wa zamani wa Microsoft, Dave Plummer, ameshaeleza hadharani kwamba kidirisha hicho alikiandika yeye miaka ya 1990 kama kitu cha muda mpaka kipatikane kizuri zaidi. Cha muda kikakaa miongo mitatu. Kama banda la mabati mbele ya nyumba.

Ukiwa na Linux hufungwi na ukomo huo. Kwa vijana wa skuli yako, ambao sasa wana Ubuntu, njia ni hii. Kwanza lsblk, amri ya kuorodhesha diski, watizame ukubwa vilevile, tuseme flashi imepewa jina sdb. Washushe kwa umount mafungu yote yaliyopandishwa, yaani yale ambayo Linux imeyafungua itumie. Halafu sudo wipefs -a /dev/sdb inafuta alama za karatasi ya zamani, khasa hizi za picha ya CD, ambazo zikibaki huwa zinavichanganya vifaa. Kisha sudo fdisk /dev/sdb: herufi o kuanza karatasi mpya ya MBR, n kuongeza fungu, ukubwa +16G, t kuweka aina, c kwa FAT32, n tena kwa lililobaki, t na namba 7 kwa exFAT, w kuandika. Mpaka ubonyeze w hakuna kilichoguswa, ukikosea toka kwa q. Hapa ndipo fdisk inapoishinda diskpart kwa adabu. Mwisho:

sudo mkfs.vfat -F 32 -n QASWIDA /dev/sdb1
sudo mkfs.exfat /dev/sdb2

Tizameni hiyo namba 1 na 2 mwishoni. Mtu akisahau namba akaandika /dev/sdb tupu, anapiga matuta juu ya karatasi ya mipaka. Flashi itafanya kazi kwenye kompyuta bila kulalamika, lakini zipo redio zinazotafuta karatasi kwanza na zisipoiona zinasema hakuna kitu. Nilizunguka na flashi ya dereva mmoja wa gari ya Mkoani siku mbili kabla sijagundua ni hilo tu.

Sasa Qurani. Hapa nataka ukae, kwa sababu hili hakuna anayelieleza na watu wanalaumu sabufa.

Mzee mmoja wa Tibirinzi alinijia mwezi wa Ramadhani. Kaweka juzuu 30, kila moja faili lake, majina yamepangwa vizuri 01, 02, 03 mpaka 30. Kwenye kompyuta zinaonekana kwa mpango. Kwenye sabufa inaanza Juzuu Amma, inakuja ya 7, inaruka ya 22. Akasema labda flashi ina virusi. Haikuwa na virusi. Kompyuta inakuonyesha mafaili kwa mpango wa majina kwa sababu inayapanga yenyewe kila ukifungua folda. Sabufa ya bei rahisi haina akili ya kupanga. Inasoma orodha ya folda kama ilivyoandikwa kwenye FAT, kutoka mstari wa juu kwenda chini. Na mstari unaandikwa kwa mpango wa kukopi. Mjukuu wake aliyachagua mafaili yote kwa kuanzia la mwisho, akakopi, halafu yaliyokataa akayarudishia baadaye. Aliyeingia mwanzo ndiye anayesomwa mwanzo. Na mbaya zaidi, ukifuta faili moja na kuweka jengine, jipya linaweza kukaa kwenye nafasi ya lililofutwa, hapo katikati.

Kwa hiyo fungu likishakuwa jipya na tupu, kopi kwa mpango: 01 kwanza, 02, uende hivyo. Mie natumia programu ya Linux inayoitwa fatsort, inaipanga upya orodha yenyewe kwa majina bila kukopi tena. Fungu liwe limeshushwa, kisha sudo fatsort /dev/sdb1. Kwa yule mzee ilichukua sekunde. Alikaa kibandani akasikiliza Alif Laam Miim inaanza, ikapita mpaka akaridhika ndiyo akaondoka, na foleni ya kopi nyuma yake.

Jambo jengine nalisema kwa sababu umeandika kwamba flashi uliinunua kwa mtu barabarani na hukupewa risiti. Kabla ya kuiamini na harusi ya binti yako, ipime. Kuna flashi zinazosema uongo. Ndani yake kuna chipu ndogo ya kumbukumbu, na kidhibiti kimefundishwa kusema ni kubwa. Windows inaamini inachoambiwa. Unakopi, mstari wa kijani unakwenda, majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, ukifungua video iliyoingia mwisho haichezi. Data iliyopita ukubwa wa kweli imetupwa, au imeandikwa juu ya ile ya mwanzo.

Nililetewa moja yenye maandishi TB 1, imeandikwa kwa rangi ya dhahabu, nzito mkononi. Kufomati haisaidii kuigundua. Inafomatika vizuri sana, na ile fomati ya haraka inaandika vitu vichache tu mwanzoni mwa fungu. Kinachosaidia ni kuijaza yote kisha kuisoma yote. Kwa Windows watu wanatumia H2testw, mie kwa Linux natumia F3: f3write inaandika mafaili ya GB 1 moja baada ya jengine mpaka pajae, f3read inayasoma na kulinganisha. Ile ya dhahabu mafaili saba ya mwanzo yalisomeka safi. Kuanzia la nane kila mstari ukawa umeharibika, umeharibika, umeharibika, nikaikatisha. TB 1 ilikuwa GB 8. Mwenyewe aliuliza nifanye nini, nikamkatia fungu la size=7000 na kumwambia aweke nyimbo ambazo hata zikipotea hatolia. Ya kwako, kwa GB 64, kuijaza itachukua saa moja au zaidi, na kuisoma kuna muda wake juu ya huo. Iache usiku, umeme ukiwa unaaminika.

Na umeme ndio chanzo chengine cha flashi ninazoletewa zimeandikwa RAW, yaani Windows haitambui tena mfumo wa mafaili uliomo. FAT32 na exFAT hazina daftari la kukumbuka kazi iliyokatika. Umeme ukikatika katikati ya kukopi, au mtu akichomoa huku bado inaandika, ile orodha inabaki nusu. Windows 10 za tangu mwisho wa 2018 zinaandika moja kwa moja bila kuchelewesha, kwa hiyo ukichomoa baada ya kazi kwisha huwa salama, lakini Linux inachelewesha kweli: mstari unamaliza, flashi bado inaandika kwa dakika. Andika sync kwenye dirisha la amri, usubiri imalize. Ikishakuwa RAW na ndani mna vitu unavyovitaka, usifomati, anza na TestDisk kama nilivyosimulia.

Vilevile usifomati ukikuta folda zako zote zimegeuka kuwa shotkati. Hii kwa Pemba ni kama mafua, khasa wiki za mitihani wanafunzi wakipanga foleni kuchapa. Mafaili yapo, kirusi kimeyaficha tu. Ikiwa flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitarudi. Futa zile shotkati, usizibofye, na usafishe kompyuta iliyoileta, maana ukiichomeka tena itakurudishia.

Ikitokea kwako clean imekataa, ikakwambia kifaa kimezuiwa kuandikwa, jaribu attributes disk clear readonly ukiwa ndani ya diskpart. Ikikataa na hapo, mara nyingi kidhibiti chenyewe kimeifunga kwa sababu chipu imechakaa. Inasomeka lakini haiandikiki, na mie sijawahi kuifungua hata moja. Kopi vilivyomo, uiage.

Lakini sidhani ni hali yako, kwa sababu ile fomati ya MB 4 ilikubali, na flashi iliyofungwa haikubali hata hiyo. Fanya mpaka list disk, usimame hapo, piga picha ya kioo uiweke hapa chini. Nikiona namba nitakwambia ni ipi, ndipo uandike clean. Niko kibandani mpaka baada ya isha.